Mama Breki Ahama Jiji

Mama yake alikuwa hajashuka ngazi kwa miezi saba. Walikaa ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti, na magoti ya yule mama yalikuwa yamegoma kabisa. Ukimpa mkono atasimama, atavuka sebule polepole mpaka dirishani, atajishusha kwenye kiti chake, na dunia yake iliishia hapo. Alijua nani kabadilisha mapazia jengo la ng'ambo, nani kanuniana na mumewe, gari la taka limechelewa siku ngapi. Jioni binti yake akirudi kazini, alimtolea yote hayo mfululizo kama taarifa ya habari, hata kabla hajavua viatu.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na minane na alikuwa mwalimu wa udereva. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa kiti cha abiria, mguu wa kulia juu ya ile breki ya pili wanayowekewa walimu, akiwafundisha watu wa jijini kupenya kati ya malori na mabasi bila kuua wala kuuawa. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Breki. Mtoto hakuwa naye, na kila mwanafunzi mpya alidhani yeye ndiye wa kwanza kuuona utani ule.

"Mwalimu, kwani huyu Breki ni mtoto wako wa ngapi?"

"Kitinda mimba. Angalia mbele."

Ndoa aliwahi kuwa nayo. Ilikwisha kimyakimya, bila matusi wala vikao, kama betri. Baada ya hapo akamchukua mama yake, na wakaishi wawili katika vyumba viwili, mmoja akiangalia barabara kutoka juu na mwingine akiiangalia kutoka ndani yake.

Kisha jengo likapata mwenye nyumba mpya. Huyu hakuwahi kuonekana kwa sura. Yalionekana matendo yake tu: ngazi zikapakwa rangi ya kijivu, getini akawekwa mlinzi mwenye daftari, na mwisho wa mwezi wa pili kila mpangaji akakuta barua imesukumwa chini ya mlango. Mama Breki aliisoma amesimama, viatu mkononi. Kodi ilikuwa inapanda karibu nusu. Akaisoma tena, akaikunja, akaiweka juu ya friji. Watu wengine wa jengo lile walikasirika, wakapigiana simu, wakasema watakwenda kulalamika. Yeye uchovu ulimwahi kabla ya hasira.

Alijaribu kukaza. Akaongeza wanafunzi, kutoka saba kwa siku hadi tisa, na Jumapili akaiuza nayo. Alianza kurudi nyumbani paja likiwa gumu kama gogo kwa kukanyaga breki, akala chakula amesimama jikoni maana akikaa hatainuka. Hivyo ndivyo walivyokwenda kwa wiki kadhaa, na pengine wangeendelea mpaka mmoja wao aanguke, kama mama hangeshikwa na homa ya mapafu.

Ikabidi ashushwe hospitali. Vijana wanne wa jengo wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wawili mbele, wawili nyuma, wakaanza kuteremka naye wakipiga kelele, "Inua! Pinda! Taratibu hapo!" Katika kila ghorofa milango ilifunguka. Mama wa watu, mwanamke aliyekuwa hatoki hata kununua chumvi bila kupiga pasi nguo yake, alijifunika mtandio usoni tangu juu mpaka chini. Mama Breki alikuwa nyuma yao amebeba begi na viatu vya mama. Aliiona mikono ya mama imeng'ang'ania kiti. Usiku ule, kwenye benchi la hospitali, alijua kwamba pale wamefika mwisho.

Aliyemwonyesha njia alikuwa karani wa chuo alichofundisha, rafiki yake wa miaka mingi. Karani alikuwa amesikia kuhusu mji mdogo, mwendo wa saa nne kwa basi, ambako mwenye chuo kidogo cha udereva alikuwa anatafuta mwalimu na hampati.

"Kodi huko ni kama zawadi," karani akasema. "Nyumba nzima, shoga yangu. Nyumba nzima kwa bei ya jiko lako."

Mama Breki akaomba ruhusa ya siku moja, akaenda kutazama. Mwenye nyumba alikuwa mkunga wa hospitali ya mji ule, mwanamke mnene wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekaa nyumba ya jirani. Alimwonyesha vyumba viwili, jiko, choo cha ndani, na ua wenye bomba na kipande cha sakafu ya saruji. Mlangoni palikuwa na kidaraja kimoja tu cha kupanda. Mama Breki alikitazama kile kidaraja kimoja kwa muda mrefu mpaka Mkunga akauliza kama kina ufa.

Kazi ikawa kumwambia mama, aliyekuwa amepona na kupandishwa tena ghorofa ya nne.

"Mimi sihami," mama akasema. "Wewe nenda. Utaniandikia barua."

"Nani atakupandishia barua ghorofa ya nne?"

Mama akageukia dirisha lake. "Huko kuna madirisha?"

"Matatu."

"Yanatazama nini?"

"Barabara," Mama Breki akasema, na huo ulikuwa uongo. Moja lilitazama ukuta wa Mkunga, la pili tangi la maji, na la tatu ua.

Wakafunga virago. Kabati kubwa la vyombo likakataa kupita kwenye ngazi, ingawa miaka kumi na tano nyuma lilipanda kwa ngazi zizo hizo. Wakaliacha, na mlinzi wa getini akasema atajua la kufanya nalo. Mama akashushwa tena kwa kile kiti cha plastiki, na safari hii hakujifunika. Aliteremka kichwa wazi, akiaga kila ghorofa kwa jina la kila mtu, akiwausia watoto wasome, akimkumbusha mama wa ghorofa ya pili sufuria yake aliyoiazima tangu mwaka juzi. Walipofika chini sufuria ilikuwa mapajani mwake.

Mji waliofikia ulikuwa na barabara kuu moja ya lami, soko, benki, mahakama, hospitali, na maduka yanayofungwa mchana watu wakale. Taa za barabarani hazikuwepo hata moja. Chuo cha udereva kilikuwa chumba kimoja, nusu yake imejaa matairi ya kuuza. Mwenyewe aliitwa Mkurugenzi, kwa sababu kwenye kibao cha nje alikuwa ameandika "Mkurugenzi Mkuu", ingawa chini yake hapakuwa na mkurugenzi mdogo wala mtu yeyote. Gari lilikuwa moja, jeupe, la zamani, na mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa kuupiga ngumi mahali maalumu.

"Dada," Mkurugenzi akamwambia siku ya kwanza, "hapa hatuna haraka."

Hakudanganya. Wanafunzi walikuwa watatu kwa siku, wakizidi wanne, siku nyingine mmoja. Na kwa kuwa alilipwa kwa kichwa, Mama Breki aligundua mapema kwamba kodi ya bei nafuu imekuja na dada yake, mshahara wa bei nafuu. Walibaki wanakula, walibaki wanalipa, hawakudaiwa na mtu. Ila ule mzigo aliotarajia ungeshuka mabegani siku watakayofika haukushuka. Alikuwa amedhani uchovu ni mali ya jiji. Kumbe ameufunga pamoja na vyombo.

Mguu wake ndio uliochelewa kuamini. Mwanafunzi anaendesha taratibu, barabara nyeupe mbele na nyuma, na ghafla gari linasimama kwa kishindo, wote wawili wanatupwa mbele.

"Mwalimu, umeona nini?"

"Sijaona kitu. Washa, twende."

Hata hivyo hakufundisha kwa kulipua. Mtihani wa leseni ulikuwa uleule wa nchi nzima, na maswali yake yalikuwa na mizunguko, njia tatu sambamba na taa za rangi, vitu ambavyo wanafunzi wake walikuwa wameviona kwenye televisheni. Alinunua chokaa, akaenda kwenye uwanja wa mpira asubuhi kabla jua halijapanda, akachora mzunguko mzima wenye njia nne. Taa alizitengeneza kwa mabeseni. Alisimama pembeni, akiinua beseni jekundu wanasimama, akiinua la kijani wanakwenda. Watu wa sokoni walikuja kumtazama yule mwanamke wa jijini anayeamrisha gari kwa mabeseni. Walicheka, na alipowatazama akaona hawana ubaya, akaendelea.

Wanafunzi wake walifaulu. Katika kumi na mmoja wa kwanza, tisa walipata leseni mara ya kwanza, na Mkurugenzi akaongeza neno "Bora" kwenye kibao. Halafu mmojammoja wakaja kumuaga. Huyu amepata kazi ya kuendesha gari la kampuni jijini. Yule ana binamu mwenye teksi jijini. Wa tatu hajapata kitu bado, lakini atatafuta akiwa hukohuko. Walimshika mikono miwili kwa shukrani, nao walikuwa wanang'aa. Mama Breki aliwatakia heri, akawaambia wajihadhari na mabasi. Wakienda, alikaa ndani ya gari jeupe, mlango wazi, akifikiri: nawafundisha watu kwenda mahali nilikoshindwa kukaa.

Nyumbani, wiki za kwanza mama alinuna. Alikaa mbele ya dirisha linalotazama ukuta. "Barabara yako iko wapi?" aliuliza kila jioni, na Mama Breki alijifanya hasikii. Kisha asubuhi moja alisahau miwani, akarudi kuifuata saa nne, akakuta kiti kitupu. Akaita. Chooni hakuna mtu, uani hakuna mtu. Akatoka nje mbiombio, na hapo akasikia kicheko cha mama yake kutoka barazani kwa Mkunga. Mama alikuwa ameketi na fimbo iliyokuwa zamani mpini wa ufagio, anakunja vitambaa vya watoto wachanga na kumsimulia msichana wa kazi wa Mkunga habari za mama wa ghorofa ya pili na sufuria.

"Umefikaje huku?"

"Kwa miguu," mama akajibu, kama vile swali lenyewe ni la kijinga. "Si ulisema kuna kidaraja kimoja tu? Nimekihesabu. Ni kimoja."

Tangu siku ile hakushikika. Mwezi wa tatu alikuwa anafika soko kwa vituo, akipumzika kwa fundi viatu, akipumzika tena kwa muuza magazeti. Mwezi wa tano mji mzima ulimwita Bibi, na Mama Breki, aliyekuwa na jina lake kamili la sifa katika jiji la mamilioni ya watu, akawa binti wa Bibi. Watu walimsalimu njiani wakiuliza mama ameamkaje. Yeye hakuwa na mtu wa kumuuliza yeye ameamkaje. Akitoka kazini alilala sakafuni kwenye mkeka, miguu ameiegemeza ukutani, akitazama dari.

"Umekuwa kama mgonjwa," mama alisema. "Toka nje kidogo."

"Nimechoka, mama."

"Umechoshwa na nini? Mji wenyewe una magari saba!"

Angeweza kusema kwamba ameanza kuchoka miaka ishirini iliyopita na sasa ndiyo kwanza amepata nafasi ya kuhisi. Lakini maneno hayo hayasemwi kwa mtu aliyekuzaa, aliyekaa miezi saba bila kukanyaga ardhi, na sasa anarudi kutoka sokoni na habari mpya.

Mwezi wa tisa karani akapiga simu. Mwalimu mmoja ameacha kazi, bosi anamtaka Mama Breki arudi, na yuko tayari kumwongezea. Ilikuwa lazima aende jijini hata hivyo, kuhuisha cheti chake cha ualimu, basi akasema watazungumza.

Alifikia kwa karani, akaona mambo aliyokuwa haambiwi kwenye simu. Karani naye alikuwa amehama, amesogea pembeni zaidi ya jiji, na sebule yake ilikuwa imekatwa katikati kwa pazia. Upande wa pili alilala mpangaji aliyekohoa. Karani aliamka saa kumi alfajiri ili afike kazini saa mbili. Alikonda. Alimpikia mgeni wake chai akiwa ameshavaa nguo za kazi, akacheka sana kwa kila kitu, kicheko cha mtu anayeficha.

Chuoni bosi alimpa mwanafunzi amfundishe kwa saa moja, kumkumbusha ladha. Na Mama Breki, kwa kweli, alifurahi. Mwili ulikumbuka kila kona. Aliona basi litakalochomoza kabla halijachomoza, aliona mwenye pikipiki kwenye kioo kwa kivuli chake tu, alisema "sasa" na mwanafunzi akapenya. Alishuka akiwa ametota jasho, mgongo umenyooka, na kwa dakika chache alikuwa tena mtu anayejulikana kwa jambo fulani. Hilo lilimuuma kuliko kama angekuta ameichukia kazi.

Kisha bosi akamwandikia nyongeza kwenye kikaratasi. Ilikuwa nyongeza ya haki, hakumdhulumu. Mama Breki alikaa kwenye benchi la nje, akaiweka kichwani pamoja na kodi za jiji kama alivyozisikia kwa karani, akaipindua huku na huku, na kila mara ilimfikisha palepale: chumba kimoja, pembeni, na ngazi. Akasema atawapa jibu. Akapanda basi kurudi, paji la uso kwenye kioo, bila kufikiri chochote.

Wakati huo alikuwa na mwanafunzi asiyefaulu, naye alikuwa Mkunga. Kila Alhamisi hospitali ilimpeleka kwenye zahanati iliyo kilomita thelathini, naye alichoka kungoja dereva anayekuja akipenda. Alikuwa amenunua kigari cha mitumba kabla hajajua kukiendesha. Mtihani wa kwanza gari lilimzimikia mara sita. Wa pili alianza vizuri, kisha akamwona kijana aliyezaliwa mikononi mwake, akampungia mkono, akaingia mtaroni.

"Mikono hii," alimwambia Mama Breki kwa uchungu, "imewatoa watoto mapacha waliokaa kinyume. Inashindwaje na gia?"

"Mtoto anataka kutoka, mama. Gia haitaki lolote. Uisukume tu, usiibembeleze."

Mara ya tatu akafaulu. Alhamisi iliyofuata akaja kupiga honi mlangoni, amevaa sare nyeupe, akasema hataki kwenda peke yake safari ya kwanza, waende naye wote wawili. Mama Breki akaenda kufungua mlango wa mbele, akakuta mama yake ameshakaa, mkanda amefunga, fimbo katikati ya magoti.

"Wewe umekaa mbele miaka ishirini," mama akasema. "Tuachie na sisi."

Akakaa nyuma. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokaa nyuma katika gari dogo. Mbele yake palikuwa na vichwa viwili vinavyoongea, na hakuwa na chochote cha kushika. Mpaka kituo cha mafuta alikuwa bado anasema, "Punguza hapo. Kioo. Kioo, nimesema." Mkunga akajibu ndiyo, ndiyo. Baada ya kituo cha mafuta barabara ilinyooka, upepo ukaingia dirishani, mama akaanza hadithi ndefu kuhusu fundi viatu.

Alipofungua macho gari lilikuwa limesimama kivulini, milango yote wazi, na juu yake kuna mtandio wa mama. Saa yake ilimwambia amelala kwa karibu saa tatu. Ng'ambo ya ua, kwenye mabenchi ya zahanati, mama yake alikuwa katikati ya wajawazito.

"Ameamka!" mama akapaza sauti. Na Mama Breki alipowafikia, bado akijifuta mdomo, akaongeza, "Umekoroma mpaka mmoja hapa kadhani uchungu umemshika mtu."

Wanawake wakacheka. Mmoja akajisogeza kumpa nafasi kwenye benchi, akamuuliza, "Umeamkaje, mwalimu?" Akasema ameamka vizuri, na akakaa nao mpaka Mkunga alipomaliza kazi.

Mwisho wa mwaka Mkunga alikuja na karatasi ya mkataba, kalamu ameichomeka nyweleni. Akakaa jikoni, akasafisha koo.

"Nisikufiche, nimesikia wamekuita jijini. Bibi ameniambia."

Mama Breki akamtazama mama yake, aliyekuwa anaitazama sufuria.

"Kodi sipandishi," Mkunga akaendelea. "Nataka kujua niandike nini. Mwaka mmoja au miwili?"

"Mmoja," Mama Breki akasema.

"Miwili," mama akasema.

"Mama, anayelipa ni nani?"

"Wewe. Na anayekaa ni nani?"

Mama Breki akacheka, kicheko kifupi cha kuchoka, kilichomtoka bila ruhusa. Jibu la swali hilo lilikuwepo. Yeye naye anakaa hapo, anaamka hapo, analala sakafuni hapo miguu juu. Lakini hakuwa na nguvu za kubishana, na akijichunguza vizuri hakuona sana cha kubishania. Akachukua kalamu, akaweka sahihi ya miaka miwili. Mkunga akapuliza wino kana kwamba hautakauka wenyewe.

Kesho yake asubuhi alimpigia karani, akamwomba amfikishie bosi salamu na shukrani, harudi. Nyuma ya karani zilisikika honi, na mtu akikohoa.

"Huko," karani akauliza kwa sauti ya chini, "nyumba kama hiyo yako bado zinapatikana?"

Mama Breki akamwambia zinapatikana. Akamwambia pia habari ya mishahara, yote, bila kuipamba, na jinsi jioni zinavyokuwa ndefu. Karani akasema hata hivyo amtafutie. Wakaagana. Mama alikuwa ameshatoka, fimbo haipo mlangoni. Mama Breki akafunga nyumba, akaenda kazini; siku hiyo alikuwa na wanafunzi wawili.